Mapatano ya Enoosaen

Kila matokeo ya mtihani wa kitaifa yanapotangazwa nchini Kenya, magazeti hutuonyesha picha ile ile: mtahiniwa bora amebebwa mabegani, mwalimu mkuu anacheza, akina mama wanapiga vigelegele. Ni picha nzuri, na furaha yake ni ya haki. Lakini waliofanya kazi ngumu kuliko zote, ya kuifanya shule iwepo pale ambapo haikuwepo, kwa kawaida hawamo pichani. Nani alikwenda kuomba ardhi? Alianza kwa nani, na kwa nini huyo? Alikubaliwa kwa sharti gani? Kwa nini darasa la kwanza lilikuwa la watoto 30 badala ya 100? Maswali haya ndiyo yanayonivutia, kwa kuwa kuanzisha shule ni ufundi, na ufundi huo una mpangilio wake. Mtu akiuvuruga, majengo yatasimama, rangi itapakwa, mgeni rasmi atakata utepe, na bado shule haitakuwepo.

Shule ninayotaka kuitazama kwa utulivu iko Enoosaen, kijiji cha Wamaasai katika Trans Mara, Kaunti ya Narok. Watalii wengi wanaokwenda Maasai Mara hawafiki huko. Wao huishia kwenye nyika ya chini, penye simba na nyumbu, ilhali Enoosaen iko upande wa magharibi, juu ya magenge ya Oloololo, ambako mvua ni ya kutosha na watu hulima mahindi na miwa pamoja na kufuga ng'ombe. Huko, mwezi wa Mei 2009, ilifunguliwa shule ya msingi ya wasichana pekee. Ilianza na wanafunzi wapatao 30, wote wa darasa la nne. Iliitwa Kakenya Center for Excellence, kwa jina la mwanzilishi wake, Kakenya Ntaiya, binti wa kijiji hicho hicho.

Enoosaen iliwahi kusikika duniani kabla ya shule hiyo. Juni 2002, wazee wake walimkabidhi mwakilishi wa ubalozi wa Marekani ng'ombe 14, kuwapa Wamarekani pole kwa mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Kijana wao, Wilson Kimeli Naiyomah, aliyekuwa akisoma Marekani, alikuwa amerudi na kuwasimulia aliyoyaona New York. Nimelitaja tukio hilo kwa sababu linaonyesha jinsi kijiji kinavyoendesha mambo yake. Neno huletwa mbele ya wazee, hujadiliwa mpaka likaiva, na likishakubaliwa huwekewa kitu kinachoonekana kwa macho. Maneno matupu hayatoshi. Yeyote anayetaka kuanzisha jambo Enoosaen inampasa aujue utaratibu huo, na Kakenya aliujua tangu utotoni. Aliujua kwa uchungu.

Alizaliwa mwaka 1978, kifungua mimba katika familia ya watoto wanane. Alipokuwa na miaka mitano aliambiwa kwamba amekwisha kuposwa. Mchumba wake akipita karibu na boma, mama humwonyesha kwamba yule ndiye mume wake. Baba alikuwa polisi, kazi yake iko mjini, nyumbani huja kwa nadra. Kazi zote zikawa za mama na mabinti: kuamka alfajiri, kukamua, kufagia, kuchota maji, kutafuta kuni, kulima. Shule ilimvutia kwa sababu ambayo yeye mwenyewe ameisimulia hadharani kwa kicheko. Walimu walivaa vizuri, walivaa viatu vya visigino virefu, na kazi yao ilionekana kuwa kuandika alama za vema ubaoni. Ukiilinganisha na jembe, ilikuwa kazi nyepesi. Akasema moyoni kwamba atakuwa mwalimu.

Alipofika miaka 13 hivi, njia ikafika njia panda. Msichana akishakeketwa huhesabiwa kuwa mwanamke, na mwanamke huolewa. Masomo huishia hapo. Kakenya alimwendea baba yake na kumwekea sharti. Atakubali kukeketwa, lakini baba naye akubali kumwacha arudi shuleni amalize sekondari. Baba asipokubali, yeye atatoroka.

Tuyatazame mapatano haya kama kazi ya fundi, ingawa fundi mwenyewe alikuwa mtoto. Kwanza, alijua baba anaogopa nini. Baba wa binti aliyetoroka sherehe angebaki na aibu hiyo maisha yake yote kijijini, na hakuna ng'ombe ambao wangeweza kuifuta. Pili, aliomba kitu ambacho baba alikuwa na uwezo wa kukitoa peke yake, bila kumwuliza mtu. Tatu, alimwachia baba mlango wa kutokea na heshima yake. Baba akakubali. Kakenya akakeketwa mbele ya watu, akauguza jeraha kwa wiki chache, akarudi darasani.

Usinielewe vibaya. Hayakuwa mapatano ya haki. Mtu mzima alitoa ruhusa, ambayo haikumgharimu kitu. Mtoto alilipa kwa mwili wake. Ninayaweka hapa mwanzo kwa sababu kila mapatano aliyoyafanya Kakenya baadaye yanafanana na haya kwa umbo na kutofautiana nayo kwa bei. Historia ya shule ya Enoosaen, kwa jinsi ninavyoisoma mimi, ni historia ya mwanamke aliyejifunza kupatana akiwa mtoto, kisha akatumia miaka mingi kuihamisha bei ile kutoka kwenye mwili wa msichana hadi kwenye mikono ya watu wazima.

Mapatano ya pili yalihusu safari. Alipomaliza sekondari alipata nafasi na ufadhili wa kusoma chuo cha wanawake cha Randolph-Macon, Virginia, Marekani, kwa msaada wa kijana wa kijijini aliyekuwa ametangulia kusoma huko, katika chuo kikuu cha Oregon. Ufadhili ulikuwepo lakini nauli ya ndege haikuwepo. Na kijiji hakikupiga vigelegele. Wengi walisikitika kwamba nafasi adimu kama hiyo imeangukia kwa msichana. Kama angepewa mvulana ingekuwa na faida.

Angeweza kukasirika akaenda kutafuta fedha mjini, kwa wageni. Badala yake alifuata njia ya kijiji. Kwa Wamaasai, anayekuja mlangoni kwako asubuhi na mapema, kabla jua halijachomoza, amebeba heri, na si rahisi kumrudisha mikono mitupu. Akamwendea mzee mmoja mwenye kauli alfajiri. Mzee akishakubali, yeye ndiye anayewaleta wengine. Mmoja humvuta mwenzake, mpaka linakuwa jambo la kijiji. Penye wazee haliharibiki neno, wahenga walisema, na Kakenya aliuchukulia msemo huo kama maelekezo ya kazi. Watu walichanga. Yeye naye aliahidi kitu kimoja: atarudi, na atakuja na jambo la kuwafaa.

Hapo bei ilikuwa imeanza kubadilika. Kijiji kilitoa fedha, msichana akatoa ahadi. Hakuna aliyemwaga damu. Tena, bila kujua, kijiji kilikuwa kimewekeza. Aliyechangia nauli ya mtoto wa mwenziwe ana haki ya kuuliza, miaka kumi baadaye, lile jambo limefika wapi. Na akiulizwa naye achangie jambo hilo, hana pa kukwepea.

Kakenya alifika Marekani karibu na mwaka 2000. Alisoma, akafanya kazi na shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, UNFPA, akiwa mshauri wa masuala ya vijana, kisha akaingia chuo kikuu cha Pittsburgh kusomea shahada ya uzamivu katika elimu. Aliipata mwaka 2011. Ukiziweka tarehe hizo pamoja utaona kwamba shule ilifunguliwa wakati mwenyewe akiwa bado mwanafunzi. Hakusubiri kuitwa daktari ndipo atimize ahadi.

Ndipo tunapofika kwenye sehemu ya ufundi wake inayonifurahisha zaidi, nayo ni jinsi alivyorudi. Msomi anayerudi kijijini na ramani mkononi ni jambo la kawaida kwetu. Amekwisha amua: hapa patakuwa na zahanati, pale maktaba, na wenyeji kazi yao ni kushukuru. Kakenya alianza kwa kuuliza, na aliowauliza kwanza ni akina mama. Walichomwambia kilikuwa wazi. Wanataka shule ya wasichana. Sababu yao haikuwa ndoto ya kuona binti zao wakiwa marubani au mawaziri. Walisema kwamba msichana akibakwa njiani akienda shule, anayelaumiwa ni mama. Akipata mimba kabla ya ndoa, anayelaumiwa ni mama, na anayepigwa ni mama. Wanataka mahali salama pa kuwaweka binti zao.

Fundi hodari huisikia haja jinsi ilivyo, hata kama haifanani na ile aliyoitarajia. Kama angeijenga shule kwa hotuba za usawa wa kijinsia peke yake, pengine akina mama wangemsikiliza kwa adabu na kurudi mashambani. Aliichukua hofu yao, hofu ya njia na hofu ya fimbo, akaifanya kuwa sababu ya shule. Ndiyo maana baadaye, usalama wa njia ulipodai bweni, hakuna mama aliyehitaji kushawishiwa.

Kisha akaenda kwa akina baba. Jibu lao nalo lilitarajiwa: sisi tunataka shule ya wavulana. Hapa mtu mwenye haraka angeleta takwimu au angetaja sheria, na mjadala ungegeuka ugomvi. Kakenya aliwajibu kwa hesabu ya kijiji. Wapo wanaume kadhaa wa hapa waliotoka nje wakasoma. Kwa nini wao wasijenge shule ya wavulana, na mimi nijenge ya wasichana? Jawabu hilo limejaa akili. Halikumnyima mtu chochote; mvulana hakupokonywa shule. Halikumtukana mtu. Lakini lilimgeuzia kila mmoja swali ambalo hakuwa amejiuliza: hao wana wetu tuliowasomesha, wamerudi na nini? Wazee walikubali kwamba maneno yale yana mantiki.

Wengi wangeishia hapo, wakafurahi kwamba wazee wamekubali. Yeye aliomba tena. Aliomba ishara ya kuonyesha kwamba wanaafiki kwa dhati, na wazee wakatoa ardhi ya kujengea shule. Hayo yakawa mapatano ya tatu. Watu waliowahi kutoa ng'ombe 14 kuthibitisha huzuni yao walielewa mara moja wanaombwa nini. Ardhi waliyoitoa ilikuwa kiwanja, na ilikuwa pia sahihi yao. Shule iliyosimama juu ya ardhi ya wazee haiwezi kuitwa shule ya wageni, hata kama mabati na saruji vimenunuliwa kwa fedha za wafadhili kutoka ng'ambo. Mtu akiipinga anawapinga wazee waliompa kiwanja.

Mapatano ya nne ni yale ya mzazi mmoja mmoja. Binti hapokewi mpaka mzazi akubali mambo mawili: hatakeketwa, na hataozwa akiwa mtoto. Pamoja na hayo, familia huchangia chakula cha mtoto, na anayekosa fedha huruhusiwa kuleta mahindi au maharagwe.

Sharti la kwanza linahitaji kutazamwa pamoja na sheria. Kenya ilikuwa imekwisha kupiga marufuku ukeketaji wa watoto kwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, na mwaka 2011 ikatunga sheria mahususi ya kuupiga marufuku kabisa. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2014 ulikuta kwamba wanawake wa Kimaasai waliokuwa wamekeketwa ni asilimia 78, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 21. Sheria ilikuwepo, chifu alikuwepo, lakini chifu hawezi kulala katika kila boma. Sheria humwambia mzazi atakachopoteza akikamatwa. Shule ilimwambia atakachopata akijizuia: nafasi ya binti, vitabu, sare, milo mitatu kwa siku, na jina la mtoto kwenye orodha ambayo majirani wangetamani kuwamo. Kila mwaka waliotafuta nafasi wakawa wengi kupita nafasi zenyewe, zaidi ya 100 kwa nafasi kama 30. Ahadi ikawa na thamani kwa sababu kitu kilichofungamana nayo kilikuwa na thamani.

Na lile debe la mahindi? Usilidharau. Kwa mhasibu wa shule ni kitu kidogo. Kwa mzazi ni tofauti kati ya kupewa na kushiriki. Mzazi aliyeleta maharagwe yake ana haki ya kuja kuuliza kwa nini uji ulikuwa mwepesi, au kwa nini hisabati imeshuka. Shule inayotoa kila kitu bure huzaa wazazi wanyenyekevu. Shule inayopokea debe la mahindi huzaa wazazi wenye kauli. Ni ile mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, iliyogeuzwa: hapa mwenyeji ndiye aliyepewa jembe.

Mwashi akianza nyumba hujenga kona nne kwanza, kisha hufunga uzi toka kona hadi kona, na mawe yote yaliyobaki hufuata uzi. Baba, kijiji, wazee na wazazi ndio waliokuwa kona za Enoosaen. Baada ya hapo, maamuzi ya kila siku ya shule yalikuwa na uzi wa kufuata, na ukiyatazama moja moja utaona yanavyolingana.

Tuanze na darasa la nne. Kwa nini lisiwe la kwanza, kama shule nyingine zinavyoanza? Mtoto wa darasa la nne ana miaka tisa au kumi hivi. Ameshajua kusoma na kuandika, kwa hiyo ameshaonyesha kwamba shule anaiweza, na anaweza kukaa mbali na mama yake. Lakini hajafika ule umri wa miaka 12 au 13 ambao visu hunolewa na mahari huanza kuhesabiwa. Kati ya hapo na darasa la nane kulikuwa na miaka mitano, na miaka hiyo mitano ndiyo hasa hatari ilipokaa. Ukiwa na fedha kidogo na nafasi chache, unaziweka pale zinapookoa zaidi.

Pili, idadi. Tangu Januari 2003, serikali ya Kenya ilipofuta karo katika shule za msingi za umma, watoto walimiminika madarasani. Lilikuwa jambo jema kwa taifa, lakini katika vijiji vingi mwalimu mmoja alijikuta mbele ya umati. Katika umati, msichana aliyelelewa kunyamaza mbele ya wanaume hunyamaza hata zaidi. Katika darasa la watu 30 hana pa kujificha. Mwalimu anamjua kwa jina, anajua hesabu gani inamshinda, anajua jana alikuwa na homa. Shule ikaongeza baraza la wanafunzi, midahalo na kandanda. Mtu anaweza kuyaona hayo kuwa mapambo. Mimi naona ni mafunzo ya kazi ile ile aliyoifanya mwanzilishi mbele ya baba yake: kusimama, kusema unachotaka, na kutoa hoja. Tofauti ni kwamba hawa wanajifunza kwa mpira na mdahalo, bila kulazimika kutishia kutoroka.

Tatu, bweni. Mwanzoni shule ilikuwa ya kutwa. Lakini mtoto anayetembea kilomita kadhaa asubuhi na jioni hufika amechoka, hurudi jioni kwenye kuni na maji na mdogo wa kubeba mgongoni, na giza likiingia hana taa ya kusomea. Na kwenye njia hiyo ndiko kulikokuwa na kile akina mama walichokiogopa tangu mwanzo. Uongozi uliliona hilo ndani ya muda mfupi, na shule ikageuzwa kuwa ya bweni. Uamuzi huo mmoja uliziba mianya mitatu: njia, njaa na kazi za nyumbani. Bweni pia ni mzigo mkubwa. Vitanda, matroni, mlinzi, kuni za jikoni, maji ya kuoga, sodo, dawa za malaria, na mtoto anayelia usiku akimtaka mama. Anayedhani shule ya bweni ni madarasa na vitanda hajawahi kuamshwa saa nane za usiku na mwanafunzi anayeumwa tumbo. Kazi hiyo ya usiku haina cheti wala tuzo, na ndiyo inayofanya mzazi aamini kumwacha binti yake hapo.

Nne, likizo. Hapa ndipo ninapouona uangalifu wa fundi anayeikagua kazi yake akitafuta ufa. Shule ya bweni humlinda mtoto muhula mzima, kisha inafunga na kumrudisha kijijini. Katika sehemu nyingi za Kenya, likizo ndefu ndiyo huwa msimu wa ukeketaji, kwa kuwa jeraha hupata muda wa kupona kabla shule hazijafunguliwa. Mpango wa Enoosaen ukaweka kambi za mafunzo ya afya na uongozi, na haukuzifungia wanafunzi wake peke yao. Wasichana wa shule nyingine za eneo hilo nao huhudhuria. Hufundishwa juu ya ukeketaji, ndoa za utotoni, mimba za mapema na Ukimwi, mambo ambayo nyumbani huzungumzwa kwa kuzunguka. Baadaye mafunzo yaliwafikia wavulana pia, na hilo ni busara, kwa sababu wavulana wa leo ndio akina baba watakaoombwa ruhusa kesho.

Ukuaji wa shule ulifuata mwendo wa darasa lile la kwanza. Kila mwaka kundi jipya la darasa la nne liliingia chini, na waliotangulia wakapanda ngazi moja. Mwaka 2012 Kakenya alipoisimulia habari hii kwenye jukwaa la TEDx, shule ilikuwa na wasichana 125. Mwaka uliofuata, CNN ilipomweka kwenye orodha yake ya mashujaa kumi wa mwaka, walikuwa wamezidi 150. Mwaka huo huo wa 2013, wale 30 wa kwanza walikuwa darasa la nane, tayari kwa KCPE, mtihani uliotenganisha waliokwenda sekondari na waliobaki nyumbani. Hawakuongezwa ghafla hadi 500 kwa sababu mfadhili amefurahi au kamera zimefika. Shule ilikua kwa darasa moja kila mwaka, mpaka ikajaa.

Kisha likaja swali ambalo waanzilishi wengi hulisahau: baada ya cheti cha msingi, nini? Msichana aliyelindwa kwa miaka mitano akirudishwa kijijini akiwa na miaka 14 amerudishwa katika umri wa hatari kabisa. Basi shirika lililozaliwa na shule, ambalo leo linaitwa Kakenya's Dream, likaanza kuwafuata wahitimu sekondari, kwa ufadhili na ushauri, na kuwashika mkono hadi vyuoni. Baadaye likaongeza shule ya pili. Wakati huo mfumo wa elimu wenyewe ulikuwa unabadilika. KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na ngazi ya sekondari ya chini ikaanza chini ya mtaala mpya. Shule iliyojengwa juu ya mtihani peke yake ingeyumba. Hii ilikuwa imejengwa juu ya mapatano na watu, na watu hao walikuwa bado wapo.

Sitaki kuipamba zaidi ya ilivyo. Shule yenye nafasi chache kwa mwaka huwaacha nje wengi kuliko inaowapokea, na msichana aliyekosa nafasi anaishi katika kijiji kile kile, na visu vile vile. Inategemea sana wafadhili wa mbali, na moyo wa mfadhili hubadilika kama upepo wa kusi na kaskazi. Tena imesimama kwa kiasi kikubwa juu ya jina la mtu mmoja, na mtihani wa kweli wa taasisi yoyote ni siku mwanzilishi atakapoondoka. Kambi za likizo ni dalili kwamba wenyewe wanalijua hilo la kwanza. Wamejaribu kuitoa faida ya shule nje ya ukuta wake. Mawili mengine yanangoja miaka.

Lakini tuyarudie yale mapatano manne kwa mpangilio wake. Katika la kwanza, mtoto alilipa kwa mwili, baba akatoa ruhusa. Katika la pili, kijiji kilitoa nauli, msichana akatoa ahadi. Katika la tatu, wazee walitoa ardhi. Katika la nne, mzazi anatoa neno lake na mahindi yake, na binti hatoi chochote isipokuwa kusoma. Kila mara bei ilihama hatua moja kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, kutoka kwa asiye na nguvu kwenda kwa mwenye nazo. Kakenya hakuiacha mila ya kupatana. Aliitumia mpaka ikamwachilia msichana. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta wastani wa ukeketaji nchini umeshuka hadi asilimia 15. Shule moja haiwezi kudai sifa ya namba hiyo, lakini namba kama hiyo hutengenezwa na mapatano madogo madogo ya namna hii, boma kwa boma, yasiyofika magazetini.

Kwa hiyo wewe unayefikiria kuanzisha shule kwenu, iwe Narok au Newala, Kwale au Karagwe, usianze na ramani ya jengo. Waulize kwanza akina mama wanaogopa nini, na ulichukulie jibu lao kwa uzito hata kama halifanani na ndoto yako. Mwendee mzee kabla jua halijachomoza. Mwombe kila mtu akupe kitu, hata kiwe debe moja la mahindi, na usipokee kitu chochote kutoka kwa mtoto. Matofali yatafuata.